Nina A ya mawasiliano baina ya watu, lakini mimi na mwenzangu wa chumba tumenuniana wiki ya tatu. Hivi hili somo linafundishika?

#1 Dawati la Mwisho
Wakuu, salaam.

Muhula uliopita nilisoma somo la mawasiliano baina ya watu. Mwanzoni sikulipenda, katikati likaniingia, mwishoni nikatoka na A. Dirisha la Johari, ule mchoro wa vyumba vinne vya yale mtu anayoyajua na asiyoyajua kujihusu, na yale wengine wanayoyajua na wasiyoyajua, naweza kulichora hata ukiniamsha usiku wa manane. Vikwazo vya mawasiliano, aina za usikilizaji, hatua za kutatua mgogoro, vyote ninavyo kichwani.

Sasa mwenzangu wa chumba hupiga simu usiku kwa sauti ya juu, kuanzia saa sita mpaka saa nane. Nilivumilia mwezi mzima. Nikakumbuka tulichofundishwa: usimshambulie mtu, sema hali yako, anza na "mimi". Nikaiandaa sentensi yangu: "Mimi huchoka na kukosa utulivu unapoongea na simu usiku, kwa sababu nashindwa kulala na asubuhi nina kipindi." Kwenye mtihani sentensi hiyo ingepata alama zote. Yeye akanitazama, akacheka, akasema, "Umeanza kunisomea noti?"

Tangu siku hiyo hatusemezani. Tunapishana mlangoni kila mtu akiangalia simu yake.

Nauliza kwa dhati: kosa ni langu, ni lake, au ni la somo? Mawasiliano yanafundishika darasani, au tunakariri majina ya vitu ambavyo mtu huzaliwa navyo?

#2 Bi Tarumbeta
Somo halina kosa, mtihani ndio wenye kosa. Mimi nilifanya swali la "fafanua stadi tano za usikilizaji makini" ndani ya ukumbi wa watu mia na kitu, kila mtu na kalamu yake, na kuongea marufuku. Nikafafanua zote tano. Muhula mzima hakuna mtu aliyewahi kukaa akanitazama nikimsikiliza mtu mwingine, akaniambia hapa umemkatiza, hapa umekimbilia kutoa ushauri kabla hajamaliza. Unapataje A ya kitu ambacho hakuna aliyekuona ukikifanya?

#3 Jongoo Mwendo
Mkuu tatizo lako ni dogo. Mawasiliano ni asilimia 93 mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Wewe ulijiandaa kwenye ile 7. Uso wako ulisemaje wakati unatoa hiyo sentensi?

#4 Kalamu Nyekundu
Jongoo, swali lako la mwisho ni zuri, ila namba zako tuziweke sawa. Nafundisha somo hili na kila mwaka nakutana nazo kwenye kazi za wanafunzi.

Ni za Albert Mehrabian, mwaka 1967, kutokana na majaribio mawili. Katika moja, watu walisikilizishwa neno mojamoja lililorekodiwa kwa sauti tofauti: ya kupenda, ya kuchukia, ya kawaida. Katika jingine neno lilikuwa moja tu, lenye maana ya "labda", likiandamana na picha za uso. Walichotakiwa kukisia ni kama msemaji anampenda anayemwambia au hampendi. Matokeo yakaunganishwa, ikapatikana 7 kwa maneno, 38 kwa sauti, 55 kwa uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia na mitazamo tu, wala si mawasiliano yote.

Jaribu kumwambia mtu tarehe ya mtihani na chumba utakapofanyika kwa kutumia ile 93 peke yake, uone atafika wapi.

#5 Jongoo Mwendo
Nimekusoma mwalimu. Lakini slaidi yetu ilikuwa na duara kubwa lenye hizo namba, na swali likatoka kwenye testi. Niliandika 93 nikapata tiki!

#6 Kalamu Nyekundu
Tiki hiyo inaniuma kuliko unavyodhani. Somo letu lina maneno mengi yanayopita mkono kwa mkono bila mtu kurudi kuangalia yalikotoka.

#7 Nesi Mtarajiwa
Mimi napingana na anayesema halifundishiki. Sisi wa uuguzi tulifundishwa na likashika, ila kwa njia nyingine kabisa.

Tulipewa igizo dhima. Mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, wengine wanatazama, na kamera ya simu inarekodi. Kazi yangu ilikuwa kumweleza mgonjwa jinsi ya kutumia dawa. Nikaeleza vizuri, nikamalizia na "Umeelewa?" Mgonjwa akasema ndiyo. Mwalimu akasimamisha igizo, akamgeukia: "Haya, tueleze, utaitumiaje hiyo dawa?" Mwenzangu akaanza kubabaika. Nilikuwa nimesema mambo sita, yeye alibaki na mawili.

Siku hiyo nikafundishwa kwamba "umeelewa?" ni swali lenye jibu moja. Mtu mzima hakubali kirahisi kwamba hajaelewa. Unachotakiwa kusema ni, "Nataka nijue kama nimekueleza vizuri. Hebu niambie, ukifika nyumbani utafanyaje?" Ukiangalia, mzigo umeuhamisha: anayepimwa sasa ni mimi niliyeeleza. Tulirudia igizo lile mara tatu, na kwenye video nikaona kitu ambacho nisingekubali kwa kuambiwa tu. Muda wote mgonjwa akiongea nilikuwa naangalia fomu.

Sasa hivi hata nikitaka kusema "umeelewa?" ulimi unakataa wenyewe.

#8 Bi Tarumbeta
Nesi umemaliza. Hicho ndicho nilichokuwa nasema #2.

#9 Fundi Mitambo
Sijakubali kwamba amemaliza. Nesi amefundishwa jambo moja, kwenye mazingira yanayojulikana, na mgonjwa anayetaka kupona. Mwenzake Dawati hataki kupona, anataka kupiga simu.

Kuna jaribio ambalo lilinigeuza mawazo. Elizabeth Newton alilifanya mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mtu mmoja anachagua wimbo unaojulikana na kila mtu, anaugonga kwa vidole mezani, mwenzake anakisia ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba wenzao watapatia nusu ya nyimbo. Zikagongwa nyimbo 120. Zilizopatiwa zilikuwa 3.

Mimi na wadogo zangu tulilifanya nyumbani tukakaribia kugombana. Unapogonga, wimbo wote unaimba kichwani mwako, maneno, ala na kila kitu. Mwenzako anasikia ko-ko-ko. Unamwona mzito wa akili, wakati wimbo unaousikia yeye hana.

Dawati ana mwezi mzima wa usingizi uliopotea kichwani. Mwenzake alisikia sentensi moja, imenyooka kama tangazo. Hapo A haisaidii, kwa sababu tatizo si ujuzi wa kusema. Kila mmoja wetu hujiona yuko wazi kuliko alivyo.

#10 Dawati la Mwisho
Fundi hilo la wimbo limenigusa. Kweli nilihisi nimesema kila kitu.

#11 Ulimi Mzito
Habari. Huwa nasoma tu humu, leo naomba niandike.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Kwenye somo hili tulipimwa kwa fomu: kutazama macho alama 5, ufasaha alama 5, kutositasita alama 5. Alama 10 zilikuwa zimeshaondoka kabla sijafungua mdomo. Na macho pia, kwa sababu neno linapokwama huwa natazama pembeni bila kukusudia. Fomu ikaandika "hajiamini". Hakuna aliyeniuliza.

Nikapata C. Lakini wenzangu wa kozi wakiwa na jambo zito wanakuja kwangu. Wananiambia, "Wewe unasikiliza." Nasikiliza kwa sababu maisha yangu yote nimeona mtu anaposubiri na mtu anapojifanya kusubiri. Anayejifanya hunimalizia sentensi, na mara nyingi anaimalizia vibaya, nami nakubali tu ili tuendelee.

Kwa hiyo Dawati, mimi swali lako naligeuza. Kile kinachopimwa, ni mawasiliano au ni namna ya kuonekana unawasiliana?

Na mkikutana na mwenye kigugumizi msimwambie "tulia" au "vuta pumzi". Subirini tu.

#12 Nesi Mtarajiwa
Asante kwa kuandika. Mimi ni mmoja wa waliokuwa wanamalizia sentensi za watu nikidhani ni msaada.

#13 Kalamu Nyekundu
Ulimi Mzito, ujumbe wako nitaubeba kwenye kikao cha kupanga alama. Fomu yetu inafanana na hiyo mno.

Niongeze jambo kwa wote, maana watu wengi wanachanganya ukimya na woga. James McCroskey, aliyeanza kuandika kuhusu woga wa kuwasiliana mwaka 1970, alitengeneza dodoso la sentensi 24, sita kwa kila hali: majadiliano ya kikundi, mikutano, mazungumzo ya watu wawili, na kuhutubia. Alama huanzia 24 hadi 120, na anayezidi 80 huhesabiwa ana woga mwingi. Huwa nawapa wanafunzi wangu wiki ya kwanza, na kila mara kuna anayehutubia bila shida ilhali mazungumzo ya ana kwa ana yanamtoa jasho. Somo likiwatendea wote kwa zoezi moja la kusimama mbele ya darasa, yule anayeogopa watu wawili tunamwacha alivyo.

#14 Sauti ya Nyuma
Mnazunguka. Somo hili linafundishwa na mtu ambaye ukinyoosha mkono kumuuliza kwa nini amekupa alama hizi anakwambia "kaa chini". Utajifunzaje kueleza hisia zako kwa heshima mbele ya mtu anayeshika matokeo yako? Wanaoweza kuongea wazi ni wenye nguvu. Wengine tunajifunza kunyamaza vizuri, nao ni ujuzi, ila haumo kwenye mtaala.

#15 Fundi Mitambo
Sauti ya Nyuma, hapo nipo na wewe, na mfano wake umeandikwa kwa damu.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ukungu mzito. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa KLM anaanza kuondoka akiamini ameruhusiwa. Msaidizi wake anasema redioni maneno yanayoweza kueleweka "tuko tayari kuruka" au "tunaruka". Mwongoza ndege anajibu "OK", halafu anamwambia asubiri. Wakati huohuo Pan Am nao wanaongea, mawimbi yanagongana, na ndani ya KLM sehemu ile ya kusubiri inafunikwa na mlio. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yao ana wasiwasi, anauliza kama yule wa Pan Am ameshaondoka njiani. Rubani mkuu anajibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583.

Mtu mmoja alikuwa na shaka sahihi, akaisema kwa upole kwa mkubwa wake, akajibiwa, akanyamaza. Baada ya hapo usafiri wa anga ulibadilisha mambo mawili. Lugha ya redio ikabanwa, na neno la kuruka likawekewa masharti, halitumiki ovyo kabla ya ruhusa yenyewe. Na marubani wakaanza kufundishwa jinsi mdogo anavyompinga mkubwa na jinsi mkubwa anavyopokea. Mafunzo hayo yalitokana na warsha ya NASA ya mwaka 1979.

#16 Bi Tarumbeta
Fundi, umejipinga mwenyewe. #9 umesema halifundishiki, #15 unatuonyesha marubani wamefundishwa.

#17 Fundi Mitambo
Sikusema halifundishiki. Nilisema ujuzi wa kusema hautoshi. Marubani hawakufundishwa kuwa wasemaji wazuri, walipewa utaratibu: ukiambiwa jambo unalirudia, na aliyelisema anathibitisha. Utaratibu unafanya kazi hata siku mliyonuniana.

#18 Nesi Mtarajiwa
Sisi pia tuna wa kwetu wa kukabidhiana mgonjwa: hali yake sasa, historia yake, tathmini yako, pendekezo lako. Nao asili yake ni jeshi la majini la Marekani. Unamsaidia sana mwanafunzi anayempigia daktari simu usiku, maana kipengele cha mwisho kinamlazimisha aseme anachotaka kifanyike. Bila hicho wengi wetu tungeishia kusimulia tu, tukisubiri daktari aotee.

#19 Jongoo Mwendo
Mimi utaratibu uliniponza. Tulifundishwa kurudia maneno ya mwenzako kwa lugha yako ili ajue umemsikia. Dada yangu akaja analia, kagombana na bosi wake. Nikakaa vizuri, nikamtazama: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba unahisi hukuthaminiwa." Akaendelea. Nikasema, "Kwa hiyo unahisi umechoka." Mara ya tatu akaniuliza, "Wewe una nini leo?" Akaondoka.

Niliumia, maana nilikuwa nataka kumsaidia kweli.

#20 Kalamu Nyekundu
Pole. Njia hiyo, walioipa jina la usikilizaji makini ni Carl Rogers na Richard Farson, mwaka 1957, na msisitizo wao ulikuwa kwamba msikilizaji awe anataka kwa dhati kuelewa mwenzake anavyoyaona mambo. Kurudia maneno lilikuja kama njia ya kuhakikisha, usije ukaelewa visivyo. Darasani tumebakiza kurudia kwa sababu ndiko kunakoweza kuwekewa alama.

Ila dada yako hukumkosea kwa kurudia, nadhani. Ulimwambia anachohisi badala ya kumwachia akiseme. "Hukuthaminiwa" lilikuwa neno lako au lake?

#21 Jongoo Mwendo
Langu. Yeye alisema "kanifokea mbele ya wateja".

#22 Sauti ya Nyuma
Basi angalieni tofauti. Yeye kasema tukio, wewe umempa jina la hisia kutoka kwenye noti.

#23 Bi Tarumbeta
Nitoke nje ya mada kidogo. Mnajua wapi somo hili linafundishwa kweli? Kwenye kazi ya kikundi. Watu sita, wanaofanya wawili, majina kwenye jalada sita. Kikundi chetu kulikuwa na kaka haonekani, ujumbe kwenye grupu anausoma, tiki za bluu zinawaka, kimya. Tukamtoa jina. Baadaye tukaambiwa alikuwa analinda usiku ili alipe ada, anasoma ujumbe getini, na mpaka apate nafasi ya kujibu mjadala umeshahamia kwingine. Ile aibu bado ninayo. Tulikuwa tumeshamaliza sura ya jinsi tunavyowahukumu wengine!

#24 Kalamu Nyekundu
Ndilo kosa ambalo Lee Ross alilipa jina mwaka 1977: mwingine akikosea tunatazama tabia yake, hatutazami hali aliyomo. Kulijua jina hakukukingi nalo, hata sisi tunaolifundisha.

#25 Jongoo Mwendo
Lakini kunyamaza kwake nako kulikuwa ujumbe. Si tulifundishwa mtu hawezi kutowasiliana?

#26 Fundi Mitambo
Hilo la Paul Watzlawick na wenzake, 1967, na mimi naona linavutwa kupita kiasi. Kaka yule hakutuma ujumbe wa dharau. Wao walijiandikia ujumbe wakausoma wenyewe. Kuna kuwasiliana na kuna kutafsiriwa, tusiviweke kwenye gunia moja.

#27 Sauti ya Nyuma
Kwa aliyetolewa jina kwenye kazi tofauti hiyo haina faida, mkuu. Ametafsiriwa, na alama zimeondoka.

#28 Mama wa Wawili
Nimesoma wote, mmeongea mengi, na hakuna aliyemuuliza kijana maswali mawili ya kawaida. Mdogo wangu Dawati, ulimwambia saa ngapi, na chumbani mlikuwa nani na nani?

Mimi nimerudi chuo nikiwa mtu mzima, nimeishi na watu wengi. Sentensi nzuri ikisemwa mahali pabaya ni tusi.

#29 Dawati la Mwisho
Dada, nilitamani hilo lisiulizwe. Ilikuwa saa moja jioni. Alikuwa na rafiki zake wawili wamekuja kumtembelea. Niliona ndio wakati mzuri kwa sababu hakuwa kwenye simu na alikuwa anacheka, nikajua yuko katika hali nzuri.

#30 Bi Tarumbeta
Mbele ya wageni wake!

#31 Mama wa Wawili
Basi alicheka ili asiaibike. Sasa akikusemesha yeye kwanza, ataonekana mbele ya rafiki zake amekubali kuwa ndiye mbaya. Nenda mkiwa wawili, na usianze na simu. Anza na hilo la wageni.

#32 Kalamu Nyekundu
Katika taaluma yetu jambo hilo linaitwa uso, kwa maana ya heshima ambayo mtu anajaribu kuilinda mbele ya wengine. Erving Goffman aliliandikia mwaka 1955, na Brown na Levinson wakajenga juu yake nadharia nzima ya upole katika lugha. Iko kwenye mtaala, wiki ya tisa au ya kumi kwa vyuo vingi ninavyovijua, na kauli za "mimi" zinafundishwa mapema zaidi. Naanza kufikiri mpangilio huo una madhara. Tunampa mwanafunzi sentensi kabla ya kumfundisha kuangalia waliopo.

#33 Fundi Mitambo
Sidhani kama wageni ndio chanzo chote. Hata wangekuwa wawili, sentensi ile ilikuwa na harufu ya kuandaliwa. Mtu akikuletea maneno yaliyopigwa pasi unajua amekaa akakujadili peke yake muda mrefu. Hilo linaogopesha.

#34 Nesi Mtarajiwa
Fundi, kuandaa si kosa. Mimi huandaa kabla ya kumwambia mgonjwa jambo gumu. Kosa ni kuandaa sehemu yako tu, usiandae jinsi utakavyopokea atakachosema yeye. Dawati, ulikuwa umejiandaa kusikia nini?

#35 Dawati la Mwisho
"Samahani." Hilo tu.

#36 Ulimi Mzito
Asante kwa kusema kweli.

#37 Jongoo Mwendo
Kuna suala la umbali pia. Mlikuwa mmekaa umbali gani? Kuna kanuni, ukiongea na rafiki kaa kati ya sentimita 45 na mita 1.2.

#38 Kalamu Nyekundu
Jongoo, wewe na namba! Hizo ni za Edward Hall, 1966, na yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba alizipata kwa kuwatazama watu wa kundi fulani wa kaskazini mashariki mwa Marekani. Hakuziandika ziwe kanuni ya dunia nzima. Kwenye chumba cha vitanda viwili hata nafasi ya kuzitii haipo.

#39 Dawati la Mwisho
Wakuu, narudi. Jana nilifuata ushauri wa dada wa #28.

Tulikuwa wawili. Nilianza hivi: "Siku ile nilikusema mbele ya wageni wako. Halikuwa jambo zuri." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote, nilihisi dakika nzima imepita. Halafu akasema, "Walinitania njia nzima." Akakaa kimya tena, nikajizuia kuongeza neno.

Kisha akaniuliza, "Na wewe hiyo taa yako je?"

Sikuelewa taa gani. Kumbe tangu mwanzo wa mwaka ninapojisomea mpaka saa sita, taa ya meza yangu inampiga usoni. Alikuwa amezoea kungoja niizime ndipo alale, akaona akae aongee na simu, na mazungumzo yakawa yanaenda mpaka saa nane. Hajawahi kuniambia hata siku moja. Mimi ninayechora dirisha la Johari, ile sehemu ambayo wengine wanaiona na mwenyewe huioni, taa yangu ilikuwa imo humo mwaka mzima.

Hakuomba samahani. Ila leo asubuhi kaniamsha nisichelewe kipindi.

#40 Bi Tarumbeta
Nimefurahi mno! Sasa niambie, hapo ni somo limefanya kazi au ni dada wa #28?

#41 Fundi Mitambo
Dada. Somo lilimpa sentensi, yeye kampa macho.

#42 Nesi Mtarajiwa
Siyo haki. Kile kimya alichokivumilia hakikutoka hewani. Mwaka jana angeweza?

#43 Dawati la Mwisho
Mwaka jana ningeongea mpaka aondoke chumbani. Lakini sina hakika kama nilikipata darasani au kwa Ulimi Mzito, #11.

#44 Sauti ya Nyuma
Na yeye kutokusema kuhusu taa mwaka mzima? Yeye kasoma somo hilo?

#45 Dawati la Mwisho
Tulikaa darasa moja. Alipata A pia.

#46 Kalamu Nyekundu
Naomba ruhusa yako niutumie mkasa huu darasani, bila majina, wiki ya kwanza. Nataka niwaulize wanafunzi ni nani angeanza kusema, na lini.

#47 Dawati la Mwisho
Kwa upande wangu ruhusa unayo mwalimu. Ila mkasa ni wa watu wawili, ngoja nimuulize na yeye.

#48 Mama wa Wawili
Na taa mmeamuaje?

#49 Dawati la Mwisho
Bado, dada. Nimeigeuzia ukutani kwanza. Leo usiku atalala, atajaribu, kisha ataniambia kama bado inamfikia.